Viatu Vipya vya Mashahidi

Siku ya tamthilia, wifi mtu alifika mapema ili awahi kochi lenye mto. Kwake runinga ilikuwepo, ila alidai ya hapa ndiyo yenye rangi za kweli. Mwalimu mstaafu, mjane wa kaka yake, alimpokea kwa chai na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi, maana mgeni ni mgeni hata akiwa na ulimi wa upupu.

Tamthilia yenyewe ilihusu maofisa wanaowaficha mashahidi wa kesi nzito: wanawahamisha mji, wanawabadilisha majina, wanawafundisha kuishi upya. Mwalimu alisema haipendi, lakini hakuwahi kutoka sebuleni ikiendelea.

"Laiti kaka yangu angepata kazi kama hii," wifi mtu alisema. "Si kuendesha gari la stoo na kurudi na kapu la nguo za watoto wa nje."

"Wifi, chai inapoa."

"Ipoe! Watoto wako walishaota ndevu, lakini kwenye kamba yako vilikuwa vinaning'inia visketi na vifulana. Ukavifua, ukavinyoosha, ukamfungia apeleke. Mke mwenza gani anapata huduma hiyo?"

Ukoo mzima ulikuwa umeshahukumu: marehemu alikuwa na nyumba ndogo, na mkewe, pamoja na kisomo chake chote, alikuwa zuzu. Hata mazishini mtu aliuliza kwa nini wale watoto hawajaja kumzika baba yao. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua ukweli. Marehemu alikuwa akifanya kazi ile ile ya kwenye runinga, na nguo zilikuwa za watu aliowaficha. Kabla hajafa alimwomba jambo moja tu: asiseme, kwa kuwa watu wale bado wanatafutwa.

Kwenye runinga, ofisa alimfikisha mama mmoja na watoto wake kwenye nyumba mpya. Akafungua maboksi: viatu vinang'aa, mashati yana mikunjo ya dukani. Watoto wakaruka kwa furaha.

Mwalimu alikuwa amesahihisha kazi za watu maisha yake yote, na kosa lililoachwa ubaoni lilimwasha kama upele.

"Upuuzi!" akasema. "Hawavalishwi hivyo. Familia nzima na viatu vipya siku moja, jirani gani hataulizia walikotoka? Wananunuliwa mitumba, inafuliwa mpaka ichoke, visigino vinasuguliwa sakafuni, goti linatiwa kiraka. Mtu afike kama mtu aliyekwisha kuishi."

Wifi mtu akapunguza sauti ya runinga.

"Wewe umejuaje?"

"Nilisoma mahali."

"Kiraka cha goti," wifi mtu alisema polepole. "Kile cha suruali ya kaki. Nilikucheka, nikasema mwalimu mzima anamshonea viraka mtoto wa hawara." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kumbe kaka yangu..."

"Usimalizie."

Lakini simu ilikuwa tayari mkononi. "Nampigia shangazi. Nawapigia wote! Jina lake lisafishwe leo leo."

Mwalimu akaufunika mkono wa wifi yake. Sentensi ya kumsafisha mumewe alikuwa ameitunga moyoni zamani, akaipanga neno kwa neno, na ilikuwa nzuri.

"Ukisema leo, kesho kila mtu atakumbuka nguo zile, na watoto wenyewe walikuwa wa kimo gani. Maneno yatafika yasikotakiwa."

"Na jina la kaka je?"

"Aliwaahidi watu. Hilo ndilo jina lake."

"Basi tuwaache waseme?"

"Waseme."

Mpwa wao alipooa, ukoo ulikaa meza moja. Shangazi, mwenye meno machache na maneno mengi, akamgeukia Mwalimu. "Hivi wale watoto wa nje wa marehemu, wameshakuwa wakubwa?"

Mwalimu akaweka kijiko chini, lakini wifi mtu alimtangulia.

"Wakubwa, shangazi! Tena nasikia pua ni ile ile ya kaka, hakuna haja ya kuuliza baba ni nani. Wanaume hawa, jamani! Wifi, nipe chumvi."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu, uso mkavu, akampa chumvi.