Mfuniko wa Mashua ya Baba

Mvua za mwaka huu zimekuta nyumba yangu ya Ikungi inavuja. Fundi alikuja na kopo la lami, akawasha moto wa magunzi uani, akaichemsha. Harufu ile iliponifikia jikoni niliweka mwiko chini nikakaa. Mwanangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi tu. Wewe ngoja nikueleze.

Nilikulia kando ya ziwa Kitangiri, kule Iramba. Watu wakisikia Singida hufikiria alizeti, kuku na upepo. Hawafikirii kwamba huku nako kuna watu walioishi kwa tanga. Baba alikuwa na mashua ndogo ya mbao, tanga lake limeshonwa kwa viroba vya unga. Alivusha watu na mizigo, na siku za gulio mama alipanda naye, akipeleka unga wa uwele ng'ambo na kurudi na perege wakavu. Sehemu ya mbele ya mashua ilikuwa imezibwa kwa mbao pande zote, ikawa kama sanduku, na juu yake palikuwa na mlango wa mraba. Humo mama aliweka vitu visivyotakiwa kulowa, na humo humo vikalowa.

Mama hakuwa mgomvi. Unga ukilowa aliuanika juu ya jamvi mbele ya mlango wa nyumba, mahali ambapo baba asingeweza kupita bila kuuona. Ulitoa harufu ya uchachu iliyotufuata mpaka kitandani.

Baba akaanza kuhangaika na ule mlango wa mashua. Kwanza alichonga mfuniko mpya wa mninga, akauchomeka kwenye tundu ukakaa sawasawa. Jua likaupinda, ukakwama, akautoa kwa nyundo. Akaupigilia bati juu, maji yakapita chini ya bati. Jirani yetu, naye mvuvi, alikuwa akisimama ufukweni na mswaki mdomoni anamtazama.

"Unajenga nyumba juu ya maji," alimwambia. "Utaweka na dirisha?"

Baba alicheka, akaendelea kupiga randa. Siku zile nyumba yetu ilinuka maranda na lami, na chakula cha jioni kilikuwa ugali na mlenda tu, kwa sababu mashua ilikuwa imepinduliwa mchangani.

Mama ndiye aliyeukata mzizi wa fitina. Alikuwa anapika maharage, baba kakaa kwenye kigoda analalamika kwamba maji yanapita pembeni kila anavyofanya. Mama akainua mfuniko wa sufuria, akaurudisha.

"Wewe unafunika kwa ndani kama kizibo," alisema. "Ukingo wa sufuria umesimama, na mfuniko unaukumbatia kwa nje. Mvua ikinyesha juu yake inaingia wapi?"

Baba aliutazama mfuniko ule muda mrefu, kisha akatoka bila kula. Alizungushia tundu ukingo wa mbao uliosimama, akaziba maungio kwa lami, akatengeneza mfuniko wenye kuta fupi zinazoshuka nje ya ukingo. Ndani yake akagandisha mpira wa tyubu ya trekta. Bawaba zilitoka kwenye dirisha bovu, na komeo alifua mwenyewe kwa chuma cha jembe.

Siku ya kuujaribu alimwaga majivu makavu ndani, akafunga, akatuambia tumwagie maji tutakavyo. Tulimwaga ndoo kwa ndoo, tukacheka hadi tukalegea. Kisha mama akafungua, akazamisha mkono, akautoa mweupe wa majivu. Alimpaka baba shavuni. Sikuwahi kuwaona wakigusana mbele za watu kabla ya hapo, wala sikuwaona tena.

Tulipata msimu mmoja mzuri. Halafu siku moja, baba na mama wakirudi na unga uliokosa wanunuzi, upepo uliwashukia ghafla mchana. Tanga lilijaa, mashua ikapinduka kabla baba hajafungua kamba. Yaliyofuata mama aliyaeleza mara moja tu. Alisema mashua haikuzama. Sehemu ya mbele ilibaki juu, kwa sababu ya hewa iliyofungiwa mle ndani. Yeye hakujua kuogelea. Baba alimsukuma hadi akapata pa kushika, akamwambia, "Shika, usiangalie nyuma." Alishika. Alipoangalia nyuma, maji yalikuwa matupu.

Wavuvi walimkuta mama kabla jua halijazama. Baba walimpata baadaye, kwenye matete.

Msibani jirani yule aliikokota mashua mpaka uani kwetu. Akafungua komeo, akainama kutazama, akakaa chini na kujifunika uso kwa kofia yake. Unga ulikuwa mkavu kabisa. Shangazi alitaka kuumwaga, akisema ni unga wa mkosi. Mama akamwambia:

"Pikeni. Alihangaika nao usilowe."

Ukapikwa, tukala pamoja na waombolezaji. Ulikuwa ugali kama ugali mwingine. Hilo ndilo lililoniumiza.

Baada ya arobaini mama alitupeleka Ulemo kwa wajomba, tukalima alizeti, na hakulitazama ziwa tena mpaka anakufa mwaka jana. Mashua ilipasuliwa mbao.

Wiki iliyopita nilikwenda Kitangiri. Kijana mmoja aliniamkia, shikamoo mama, nikamuuliza bandari ya mitumbwi ilipokuwa. Akanionyesha bustani ya vitunguu. Maji yamerudi nyuma. Mashua za tanga hajawahi kuziona. Jirani alishafariki, na nyumba yetu imebaki kichuguu.

Nilisimama kati ya vitunguu nikijaribu kuisikia sauti ya baba, nikashindwa. Maneno yake yote ninayo, ila yanakuja kwa sauti ya mama, kwa sababu ndiye aliyetusimulia miaka yote ile. Nilikuwa mdogo mno baba alipoondoka. Na sikuwahi kumuuliza mama sauti ya baba ilikuwa nzito au nyembamba. Sasa hakuna wa kuniambia.