Kanzu ya Kaka na Kakakuona

Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye bustani ya wanyama, huku kaskazini mwa Dar. Tukawatazama mamba waliolala vinywa wazi, kobe mkubwa mwenye shingo ya ajuza, na kenge aliyekuwa akitutolea ulimi. Binti yangu akasema hawa wote wamechelewa kufa. Nikacheka. Kisha nikamuuliza mtunza wanyama kama wana kakakuona.

"Huyo hatuna, mama. Hata mie namjua kwenye picha tu. Wewe umewahi kumwona?"

Nikamjibu nimemwona mara moja.

Mwenzangu, mimi nililelewa na bibi kule Mkange, pamoja na kaka yangu. Kaka akapanda lori la mkaa kwenda kutafuta maisha, akaniahidi viatu vya Idi. Idi ikaja, ikaja na nyingine, salamu hakuna. Nyumba ikapwaya, nikawa nasikia hata panya wakipita kwenye makuti. Bibi alikuwa na lake moja tu: kila Alhamisi alifua kanzu nyeupe ya kaka, akaitia bluu, akaianika, ili Ijumaa ikimkuta amerudi awe na cha kuvaa msikitini. "Kawia ufike," alisema akiikamua. Mimi nilishika pindo la upande wa pili, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu njema ya wiki nzima.

Msimu mmoja wa ukame jirani yetu mkata kuni akamkuta kakakuona kichakani. Jina hilo sikuwa nimepata kulisoma, nililisikia tu: kaka, kuona. Basi kwangu jambo lilikuwa wazi. Anayemwona mnyama huyu atamwona kaka yake. Usinicheke, nilikuwa mtoto.

Kijiji kizima kikakusanyika uwanjani. Mnyama mwenyewe alikuwa amejikunja na magamba yake kama fenesi lililoanguka. Mbele yake wazee wakapanga sahani ya unga, bakuli la maji, jembe na mkuki, kama desturi ilivyokuwa. Atakachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka: shibe, mvua, kazi au vita. Ilikuwa Alhamisi. Nikakimbia nyumbani, nikaivuta kanzu kutoka kwenye kamba ingali mbichi, nikaipenyeza katikati ya miguu ya watu hadi kando ya bakuli. Moyoni nikauliza: nitamwona?

Kakakuona akajikunjua taratibu. Unga akaupita. Maji akayanusa, akayaacha. Ulimi wake mrefu ukagusa ukosi wa kanzu, kisha akapanda juu yake na kujikunja tena. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini watu walikuwa wakirudi nyuma.

"Nguo nyeupe!" mwanamke mmoja akasema. "Jamani, sanda hiyo!"

"Inna lillahi," wakaitikia wengine.

Nikamtafuta bibi kwa macho. Alikuwa ameitambua kanzu. Alingoja mnyama arudishwe porini, akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaikunja vivyo hivyo na maji yake. Hakuuliza nani kaileta. "Twende nyumbani, mjukuu wangu," akasema, na sauti yake sikuijua.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta anapepeta mchele. Kanzu ilikuwa sandukuni.

"Bibi, leo hatufui?"

"Leo tupumzike."

Hatukufua tena, na ile "kawia ufike" sikuisikia tena kinywani mwake. Mimi nilidhani amechoka. Mwaka ule mvua zilinyesha vizuri tu, wala misiba haikuzidi ya kawaida, na watu wakasahau mambo ya sanda. Bibi hakusahau.

Sasa ametangulia mbele ya haki. Vichaka vyetu vimeishia kwenye magunia ya mkaa, na kakakuona, watu wanamjua kwenye picha. Kaka hajarudi. Sijui yuko hai au la, na huu upweke wa kutojua nimeuzoea kama mtu anavyozoea goti bovu.

Linaloniuma ni jingine. Bibi aliliona jibu, lakini swali hakulijua. Sikumwambia kwamba kanzu niliiweka mimi, wala kwamba sikuuliza nani atakufa, niliuliza kama nitamwona kaka. Niliogopa kuchapwa, nikanyamaza mpaka akazikwa. Ningesema, pengine angeendelea kufua kila Alhamisi, nami ningekuwa na pindo la kushika.