Daftari la Paswedi

Sijawahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa sababu kila tulichofundishwa kilikuwa kimeshafunguliwa na mtu mwingine, nami nilitaka kufungua mwenyewe. Nilianza na redio, zikaja simu. Nilipoweka meza yangu ya ufundi Igawa, kando ya barabara kuu, muda uliobaki niliutumia mtandaoni nikijifunza jinsi watu wanavyoingia kwenye mifumo ya kompyuta wasikoalikwa.

Mteja akiacha simu huacha na paswedi yake, maana bila hiyo fundi hawezi kujua kama imepona. Wenzangu huiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwa simu. Plasta zangu zilibanduka kwa vumbi, nikahamia kwenye daftari: jina, kazi, paswedi. Hakuna aliyeniuliza daftari litaishia wapi.

Nikaichoka Igawa, nikapanda Mbeya. Kulikuwa na kampuni ndogo inayouza ulinzi wa kompyuta. Bosi aliuliza vyeti, nikasema sina. Akanipa siku saba niingie kwenye mfumo wa kinu cha mpunga cha Ubaruku, mteja wake aliyekubali kujaribiwa. Nikiingia, kazi ni yangu.

Siku sita sikupata hata ufa. Siku ya saba nikakumbuka kwamba karani wa kinu kile aliwahi kuniletea simu iliyopasuka kioo. Nikafungua daftari. Jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa: ndiyo paswedi ya simu, na ndiyo ya ofisini. Niliingia kama mwenye nyumba.

Kabla ya kuripoti nilimpigia karani abadilishe paswedi. Akasema, "Fundi, mimi nilikupa utengeneze kioo."

Akakata.

Bosi alifurahi mno. Nilimwomba asimtaje karani kwenye ripoti, akasema hilo ni dogo. Alichotaka kujua ni watu wangapi wamo daftarini. Nikamwambia ni karibu Igawa nzima.

"Basi kesho njoo nalo, bwana mdogo. Humo kuna walimu, manesi, wahasibu, na kila mmoja ana ofisi. Tukiwaonyesha mabosi wao walivyo wazi, watanunua tu."

"Hao hawajakubali kujaribiwa."

"Wakishaona watakubali."

Niliitaka kazi ile, sitadanganya. Pale mtandao haukukatika, na nikiuliza swali nilijibiwa kwa swali zuri zaidi. Asubuhi nilitoka na daftari kwapani nikielekea ofisini, nikaishia kwa mama mmoja muuza chapati. Nikalisoma ukurasa kwa ukurasa huku chai ikipoa: majina ya watoto, mistari ya Biblia, mtaa alikozaliwa mtu. Nikamwomba mama nafasi jikoni kwake.

"Unachoma barua za mchumba gani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni za wachumba wengi. Akasogeza sufuria.

Ofisini sikurudi. Sasa niko Iringa, na meza nyingine. Mteja huandika paswedi mwenyewe kwenye plasta, na akija kuchukua simu huibandua mwenyewe, akaondoka nayo. Wengine hunicheka, wananiita fundi wa masharti. Karani wa Ubaruku nimempigia mara tatu kuuliza kama bado yuko kazini. Hapokei. Nyayo zimeanza kuniwasha tena, na safari hii nadhani nitapitia Ubaruku kwanza.