Pazia la wachoraji wa Njoro

Leo nimekanyaga kwa viatu kitu tulichokuwa tunakitafuta tangu mwaka jana.

Miaka ya Ujamaa, wachoraji kadhaa wa Moshi walikuwa na chumba chao pale Njoro. Kilipofungwa, walikata pazia la jukwaa walilolichora pamoja, kila mtu akaondoka na kipande. Sisi tunaokusanya historia yao tulikuwa tumepata vipande viwili tu.

Asubuhi nikapanda mlimani kwa Bibi Ndeshi, mmoja wao. Shikamoo, marahaba, kisha nikasimama uani namweleza habari za pazia.

Akaniangalia miguuni.

"Mjukuu wangu, viatu vyako viko juu yake."

Kipande chake cha pazia ndilo turubai analoanikia kahawa.

Nikaruka pembeni, sijui uso niuweke wapi. Kumbe yeye aliona aibu kunizidi. "Niliogopa mtanicheka," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza."

Tukazoa kahawa, tukaligeuza. Upande wa chini rangi bado ipo: migomba, na wanawake wakishuka sokoni.

"Huyu wa mwisho nilimchora mimi." Akakaa chini palepale, akawa anamgusa kwa kidole.

Tumelipiga picha, nalo linabaki kwake. Kesho nampelekea turubai jingine.

Mama yako au bibi yako alichora pale Njoro? Hebu angalia stoo, hata kile kitambaa kilichofunika kuni, kisha uniandikie hapa.