Kigiriki Nilichokipeleka Misigiri

Nilikwenda Misigiri kwa sababu bibi aliniita. Jumapili ningebarikiwa uchungaji, na kwetu mtu haliendei jambo kubwa hivyo bila baraka ya mkubwa wa nyumba. Bibi anaumwa, na tangu augue, Kiswahili chake kidogo kimemtoka. Kimebaki Kinyiramba, nami sikijui.

Asubuhi, baba alinisindikiza hadi stendi ya Singida. Yeye ndiye aliyepiga marufuku Kinyiramba nyumbani, eti tusije tukachekwa shuleni.

Njiani, mashamba ya alizeti yakipita dirishani, jirani yangu wa kiti ndani ya basi, mama muuza vitunguu, aliniuliza chuoni nimesoma nini. Nikajitapa: Kigiriki. Nikamweleza kwamba maneno kalamu, karatasi, hata askofu, asili yake ni huko, yakapitia kwa Waarabu hadi kwetu. Tena kitenzi kimoja cha Kigiriki humbeba mtendaji na wakati wake, kama vya kwetu.

"Hicho ulichosoma kinaongewa wapi?"

"Hakiongewi tena, mama. Kinasomwa tu."

"Haya, baba," akasema, akasinzia.

Misigiri nilifika mchana. Binamu yangu Neema, anayemuuguza bibi, aliniketisha mkekani mbele ya bibi. Bibi akatia maji mdomoni, akanipulizia kifuani, akaanza kuomba. Katika ukoo wetu baraka huitikiwa. Kila ombi lina jibu lake, na asiyejibu hajapokea.

Nikasema, "Amina."

Bibi akanyamaza, akaningoja. Nikarudia amina. Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndipo Neema, nyuma yangu, akajibu kwa Kinyiramba. Uso wa bibi ukakunjuka. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaushika wa Neema, akamalizia baraka zote huko.

"Kasema nini?" nilimuuliza Neema uani.

"Mengi, kaka. Mengine sijui hata nikuambieje kwa Kiswahili. Nisamehe, nilimwonea huruma alivyokuwa anangoja."

Nilimwonea wivu, na chuo chote nilikichukia.

Jioni nilirudi Singida na somo moja chungu. Nimefundishwa kuwaelewa watu waliozikwa ng'ambo ya bahari kabla ukoo wetu haujawa na jina, lakini aliyemzaa baba yangu simwelewi. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema, ila mimi sikukataa. Nilikataliwa kwetu na mtu aliyenitakia mema.

Mtu huyo alikuwa ananingoja stendi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama kakuombea nini?"

"Mpigie Neema, baba. Baraka zangu anazo yeye."