Wakwe Hawaketi Benchi Moja

Mpaka leo mtu akinitajia neno "mradi" napandwa na hasira, na watu wa nyumbani kwangu wameshajua wasilitaje nikiwa nakula.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Magwagwa. Kaka yangu mkubwa, fundi wa nyumba za mabati, alikuwa anamalizwa na chang'aa. Miguu ilianza kuvimba, na asubuhi hakuweza kushika nyundo mpaka apige funda kwanza. Sisi ni watu wa Sabato, tunalima chai ambayo wenyewe hatuinywi, kwa hiyo ulevi wake haukutajwa. Tulisema anaumwa tumbo. Hata mama, aliyemfulia nguo alizotapikia, alisema tumbo.

Basi ikaja habari kwamba shirika moja la ng'ambo lingetoa fedha za mradi kwa zahanati yetu: muuguzi wa kuwaona walevi kila wiki, na waliozidiwa walazwe hospitali mjini Kisii bila kulipa, mpaka pombe iwatoke mwilini. Sharti lilikuwa moja. Wageni waje kwanza, wawasikie walevi wenyewe wakisema wanataka kuacha. Nilimwendea kaka mapema, kabla hajaonja kitu. Alinisikiliza, akaitazama mikono yake ikitetemeka, akasema, "Mwalimu, nitasema. Nimechoka." Nililia pale pale mlangoni kwake, na sioni aibu kulisema.

Mimi ndiye niliyeombwa kuwa mkalimani. Kwa hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, bwana mmoja wa suti na kalamu mbili mfukoni, nikamwomba jambo dogo tu: wazee wapewe siku yao na vijana yao, na tuulize nani ni mkwe wa nani. Kwetu kuna chinsoni, haya na heshima kwa pamoja, ambayo haimruhusu mtu kutaja mambo ya mwili wake mbele ya baba yake, sembuse baba mkwe. Hata kwenye pombe ya busaa hilo linajulikana. Baba na mwana hawatii mirija katika chungu kimoja, na mkwe akiingia mlango huu, wewe unatokea ule. Mama muuza pombe alijua kuwapanga watu kuliko kamati nzima ya maendeleo!

Mwenyekiti alicheka. "Mwalimu, hiyo ni mambo ya zamani. Wageni wanataka kuona watu mingi pamoja."

Alipata wengi kweli. Siku ya mkutano mabenchi yalipangwa duara darasani kwangu, kama walivyotaka wageni. Kaka alikuja ameoga, amevaa koti la kuazima, hajanywa, jasho linamtiririka. Alipoitwa alisimama. "Mimi ni fundi," akasema, nami nikatafsiri. "Nimekuja kwa sababu..." Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia baba mkwe wake. Naye alikuwa amealikwa, maana kikombe hakikumwacha salama. Karani wa kamati akamwonyesha nafasi iliyobaki, kwenye benchi lile lile la kaka.

Mzee aligeuza uso, akatazama ukuta. Kaka aliinamisha kichwa, akapita nyuma ya watu, akatoka. Baada ya hapo hakuna aliyefungua kinywa, maana kila mmoja alikuwa ameshamwona baba au mkwe wake pale.

Mama mmoja wa wale wageni aliniuliza kwa nini yule ameondoka. Nilianza kumweleza, nikamweleza vizuri, lakini mwenyekiti akanikata kwa Kiingereza chake. Alisema yule hana shida kubwa, na hawa wengine pia wanaendelea vyema, kanisa linawasaidia. Jamani! Mtu anaomba dawa huku akiapa kwamba hakuna mgonjwa! Nilimvuta kando nikamwambia hivyo hivyo. Akaninong'oneza, "Usituaibishe mbele ya wageni."

Wageni walikunywa soda, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye tukaarifiwa kwamba fedha zimepelekwa kwingine, kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Muuguzi hakuja. Nilimsihi kaka twende Kisii hivyo hivyo, tutajua mbele ya safari. Akasema hawezi kusimama mara ya pili.

Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Mwenyekiti akaomba nafasi ya kusema kaburini, akapewa. Alisema marehemu aliletewa msaada hadi mlangoni, naye kwa ugumu wa moyo akautoroka, na vijana wajifunze. Mama yangu alikuwa ameketi chini kwenye majani ya migomba, anayasikia hayo.

Sikungoja kuitwa. Nilisema kwa Kigusii, ili hata bibi kizee asiyejua Kiswahili asikie, kwamba kaka yangu hakuumwa tumbo. Alikuwa mlevi, alitaka kuacha, na alikuja. "Alikuja akiwa ameoga," nikasema. "Ninyi ndio mliomtoa."

Mchungaji alianzisha wimbo upesi, na watu wakaimba kwa sauti kubwa. Mama hakuimba.