Shaba ya mashine ya baba ilivyoishia kwenye gunia la skrepa

Wakuu, habari za humu. Haya yametokea kwetu, maeneo ya Litembo, na sijaongeza chumvi. Hata nguvu ya kuongeza sina.

Kwetu tunalima kahawa. Baba ana mashine ya mkono ya kumenya kahawa mbivu. Kwa wasioijua, ndani kuna pipa la chuma lililovikwa shaba yenye vinundu, na vile vinundu ndivyo vinavyovua ganda. Bila shaba unazungusha chuma tu.

Baba aliipenda ile shaba jamani. Msimu ukikaribia, anaisugua kwa majivu na ndimu.

Tukiwa wadogo alitufundisha kuitazama. Shaba yenye kazi INANG'AA, mng'aro uliotulia, hata kivulini unauona. Iliyokaa bure INAFUBAA. Ikianza ukijani, basi mwenye mashine ni mvivu. Na KUMETAMETA? Hiyo ni ya vitu vya dukani, alikuwa anasema, vinakukonyeza juani halafu basi.

(Walimu wa Kiswahili mtanisahihisha, mimi ni fundi cherehani tu hapa Mbinga mjini.)

Sasa msimu huu kahawa imeiva, imechumwa, magunia yako uani. Baba anafungua mashine, shaba haipo. Imebanduliwa, misumari imeachwa chini.

Akanipigia simu. Nikazunguka kwa wanunuzi wa skrepa hapa mjini, mmoja akafungua gunia, nikaiona. Imekunjwa, imegongwa nyundo, vinundu vyote vimelala. Katikati inang'aa pale kahawa ilipopita miaka yote, kingo zimefubaa. Nililia palepale mbele za watu.

"Dada, kaileta mzee mmoja, kasema ni yake. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho."

Huyo ni baba mdogo. Mdogo wake baba, tumbo moja. Chakula cha jioni anakula kwetu.

Shaba nilirudi nayo, lakini haimenyi tena. Na kahawa mbivu haisubiri, inachacha. Majirani wenye mashine nao walikuwa na foleni zao. Tukaianika na maganda yake, ikaenda kwa bei ya kutupa. Kazi ya mwaka mzima.

Jumapili baada ya misa baba mdogo huyo, kaja. Mkononi saa mpya ya rangi ya dhahabu, inametameta kila akiinua kikombe.

"Shikamoo kaka. Poleni na mashine."

Poleni! Nilitamani kumwagia ile chai.

"Marahaba," baba akajibu, macho kwenye ile saa. Kisha akamuuliza habari za watoto.

Alipoondoka nikasema naenda polisi. Baba akaniambia, "Mwanangu, ukimfunga, wa kumpelekea chakula huko ni mimi."

Nilichojifunza ni kwamba kufuli tunawafungia wapita njia, na anayejua msumari uko wapi tunamkaribisha mezani. Nina hasira, sifichi.

Juzi nimepanda kwenda nyumbani, nikamkuta baba uani na majivu yake na ndimu, anasugua lile pipa tupu.

"Baba, hicho ni chuma. Hakitang'aa."

"Najua," akasema, akaendelea kusugua.

Haya wakuu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niende polisi au ninyamaze kama mzee anavyotaka? Semeni chochote. Ila wa kuniambia nisamehe, kwanza aje asimame pale uani amwangalie baba akisugua.